Mahabharata: swali la Draupadi ambalo ukumbi mzima ulishindwa kulijibu

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Kila Mahabharata inapotajwa miongoni mwetu, hutajwa kwanza kwa ukubwa wake, na ukubwa huo unastahili kutajwa. Kwa hesabu ya jadi utenzi huo una beti laki moja, umegawanyika katika vitabu 18, na urefu wake unazishinda mara kadhaa tendi mbili za Homer zikiunganishwa. Neno laki lenyewe tulilipata kutoka lugha za India, nazo zililirithi kutoka Kisanskriti, kwa hiyo hata tunapozihesabu beti hizo tunazihesabu kwa neno la kwao.

Hata hivyo, nimefungua uzi huu kwa sababu nyingine. Nataka kutetea rai kwamba umuhimu wa Mahabharata unabebwa na swali moja lililoulizwa na mwanamke katika kitabu cha pili, mbele ya wazee wote wa ukoo alioolewa, swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu siku ile na ambalo utenzi wenyewe haukulimaliza kwa niaba yao. Naamini kwamba vita, laana, mahubiri na vifo vinavyofuata katika vitabu 16 vya baadaye vinalizunguka swali hilo, na kwamba hiyo ndiyo sababu watu wa India hawajachoka kuusikiliza utenzi huu kwa zaidi ya miaka 2,000.

Kwa wasiokijua kisa, nitakieleza kwa ufupi. Katika mji wa Hastinapur walilelewa pamoja watoto wa ndugu wawili. Mkubwa, Dhritarashtra, alizaliwa kipofu, na kwa sababu hiyo ufalme ulipewa mdogo wake Pandu. Pandu alipofariki, yule kipofu akabaki kwenye kiti. Watoto mia wa Dhritarashtra ndio wanaoitwa Kaurava, na mkubwa wao ni Duryodhana. Watoto watano wa Pandu ndio Pandava, na mkubwa wao ni Yudhishthira, mtu aliyesifika kwa ukweli na uadilifu kuliko wote. Draupadi ni mke wa ndugu wote watano, jambo ambalo hata ndani ya utenzi linazua mjadala mrefu. Vitabu vya Kizungu huwaita Kaurava na Pandava mabinamu, lakini msomaji wa Kiswahili ana nafuu hapa, kwa kuwa kwetu mtoto wa baba mkubwa na mtoto wa baba mdogo ni ndugu, na Kisanskriti nacho huwaita ndugu. Ukishawaona kuwa ni ndugu, kila kinachofuata kinauma zaidi.

Yudhishthira alialikwa na jamaa zake kucheza dadu. Kukataa kungemvunjia heshima ya kifalme, na tena aliupenda mchezo ule bila kuumudu. Aliyetupa dadu kwa niaba ya Duryodhana alikuwa mjomba wake, Shakuni, ambaye hakuwa na mshindani katika kamari. Yudhishthira aliweka lulu, dhahabu, magari ya vita, farasi, watumwa, hazina na ardhi, na kila mara Shakuni alitamka neno moja tu, kwamba ameshinda. Mali ilipokwisha, Yudhishthira aliwaweka ndugu zake mmoja baada ya mwingine, akianza na wale mapacha wadogo, akaliwa. Akajiweka mwenyewe, akaliwa. Ndipo Shakuni akamkumbusha kwamba bado ana mke.

Sasa tazameni utenzi unavyosimulia kilichofuata, kwa sababu hapa mtunzi anapunguza mwendo na kutupitisha mlango kwa mlango. Mtumishi wa ikulu anatumwa vyumba vya wanawake kumwita Draupadi. Anamkuta amevaa nguo moja tu, kwa kuwa yuko katika siku zake, na anamwambia kwamba amepotea kwenye kamari na sasa ni mjakazi wa Duryodhana. Draupadi hapigi yowe. Anamwambia mtumishi arudi ukumbini akamuulize yule mcheza kamari ni kipi alichokipoteza kwanza, nafsi yake au mke wake.

Mtumishi anarudi na kuuliza. Yudhishthira anakaa kimya kama mtu aliyetokwa na roho. Duryodhana anasema mwanamke aje mwenyewe aulize. Mtumishi anarudi tena kwa Draupadi, naye anamrudisha tena ukumbini akawaulize wazee wajuao haki wanasemaje. Mtu huyu asiye na cheo, ambaye hata jina hakupewa, ndiye anayelibeba swali kwenda na kurudi kati ya vyumba vya ndani na ukumbi wa wanaume, mpaka mwishowe anaogopa, na Dushasana, mdogo wake Duryodhana, anaamua kwenda mwenyewe. Anamkamata Draupadi kwa nywele, nywele zilezile ambazo muda si mrefu zilinyunyiziwa maji ya ibada ya kumtawaza mumewe, na kumburuta mpaka mbele ya watu.

Ukali wa swali uko katika sheria. Ikiwa Yudhishthira alijipoteza mwenyewe kwanza, basi alipomweka mkewe tayari alikuwa mtumwa, na mtumwa hamiliki chochote; atawezaje kuweka rehani kitu kisicho chake? Upande wa pili wa hoja ni kwamba, kwa mila ya wakati ule, mke yuko chini ya mamlaka ya mume awe huru au mtumwa. Bhishma, babu wa ukoo mzima, mtu ambaye neno lake halikuwahi kupingwa, anasimama na kukiri kwamba dharma ni jambo laini mno kushikika na kwamba hawezi kulitatua swali hilo. Vidura, baba mdogo wa wote, anawasihi watu wajibu, kwa sababu kukaa kimya mbele ya aliyeonewa ni kushiriki katika uonevu. Wanaendelea kukaa kimya. Anayesema waziwazi kwamba Draupadi hakushindwa ni Vikarna, mmoja wa wale Kaurava mia, kijana aliyesimama dhidi ya kaka zake mwenyewe, na Karna, rafiki mkubwa wa Duryodhana, anamkemea kuwa ni mtoto asiyejua anachosema, kisha anaamuru Pandava na Draupadi wavuliwe nguo. Wanaume watano wanavua mashuka yao ya juu bila neno. Dushasana anavuta nguo ya Draupadi, na kila anapovuta nguo nyingine inatokea, mpaka anachoka na kukaa chini kwa aibu.

Neno dharma nimeliacha lilivyo kwa makusudi. Tukilifasiri kwa neno haki tunapoteza wajibu, tukilifasiri kwa neno wajibu tunapoteza sheria na mila, na tukisema dini tunapoteza vyote vitatu. Ukumbi ule ulijaa watu waliolijua neno hilo tangu utotoni. Walilifundisha, walilihukumia, na siku lilipohitajika halikuwasaidia.

Mchangiaji wa pili

Nakushukuru kwa uzi huu, ila naona umempendelea Draupadi. Mimi niliangalia tamthilia ya televisheni kwenye kanda za video nilipokuwa mdogo, na ninakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeanza. Duryodhana alipoteleza na kuanguka majini katika jumba la Pandava, Draupadi alicheka na kusema kwamba mtoto wa kipofu naye ni kipofu. Kama angeuzuia ulimi wake, pengine vita visingetokea.

Mleta mada

Ndugu yangu, naomba nikujibu kwa kirefu, kwa sababu umegusa jambo ambalo wasomi wa India walilifanyia kazi karibu nusu karne.

Mahabharata haikuandikwa na mkono mmoja kwa wakati mmoja. Jadi inamtaja Vyasa kuwa mtunzi, na Vyasa huyo ni mhusika ndani ya utenzi, baba mzazi wa Dhritarashtra, Pandu na Vidura, kwa hiyo anasimulia maangamizi ya wajukuu zake mwenyewe. Lakini wataalamu wengi wanakubaliana kwamba maandishi yenyewe yalikua polepole kati ya takriban mwaka 400 KK na 400 BK, na baada ya hapo kila eneo la India lilikuwa na nakala zake, kwa hati zake, zenye nyongeza zake. Mwaka 1919 Taasisi ya Bhandarkar katika mji wa Pune ilianza kazi ya kuzilinganisha nakala hizo. Kuanzia 1925 kazi iliongozwa na V. S. Sukthankar, mwanafilolojia ambaye kabla ya hapo alisomea hisabati Cambridge, na aliiongoza mpaka alipofariki mwaka 1943. Walilinganisha nakala 1,259 za mkono, neno kwa neno, wakiweka kwenye matini kuu yale tu ambayo ushahidi wa nakala uliyatetea na kuyashusha mengine chini ya ukurasa au kwenye viambatisho. Kazi ilikamilika mwaka 1966 ikiwa na juzuu 19.

Maneno unayoyakumbuka, ya mtoto wa kipofu kuwa kipofu, hayamo katika matini hiyo. Katika matini ya Kisanskriti Duryodhana anadhani sakafu ya kioo ni maji na maji ni sakafu, anaanguka, na wanaocheka ni Bhima, mmoja wa wale Pandava watano, ndugu zake na watumishi. Baadaye Duryodhana mwenyewe, akiwa na uchungu, anamsimulia baba yake kwamba hata Draupadi na wanawake walimcheka. Ile kauli ya dharau ni ya masimulizi ya baadaye, na jukwaa pamoja na televisheni viliisambaza mpaka leo watu wengi wanaiamini kuliko maandishi.

Nakuomba utafakari ni kwa nini nyongeza hiyo ilihitajika. Watu walioisikia hadithi hii karne baada ya karne walishindwa kuvumilia kwamba mwanamke aliteswa mbele ya wazee bila kosa, wakamtafutia kosa. Nyongeza nyingine inaelekea upande wa pili: katika nakala nyingi Draupadi anamlilia Krishna, mungu aliye rafiki wa Pandava, na Krishna ndiye anayemshushia nguo zisizokwisha. Katika matini ya Pune dua hiyo imeshushwa chini ya ukurasa. Nguo zinatokea, lakini hatuambiwi zimetoka kwa nani. Ninawaheshimu sana waumini wanaomwona Krishna katika ukumbi ule, na simulizi yao ina haki yake. Ninachosema ni kwamba nyongeza zote mbili, ile ya kumlaumu Draupadi na ile ya kumwokoa, ni majaribio ya kujibu swali lililoachwa wazi.

Kuhusu tamthilia yenyewe, naomba niongeze jambo moja la heshima. Ilionyeshwa na televisheni ya taifa ya India kuanzia Oktoba 1988 hadi katikati ya mwaka 1990, katika sehemu 94, na mwandishi wa mazungumzo yake alikuwa Rahi Masoom Raza, Mwislamu, mshairi na mwandishi wa riwaya aliyekulia mkoa wa Uttar Pradesh. Aliuona utenzi huo kuwa urithi wake kama Mhindi, na maneno aliyowapa Bhishma na Draupadi bado yanakaririwa na watu wa dini zote.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nimeisoma Gita peke yake, na siku zote niliambiwa kwamba Gita ndiyo kiini cha Mahabharata na kwamba mengine ni ganda. Je, mleta mada hauoni kwamba jibu la swali lako limo mle? Pia ningependa kujua kama vita hivyo vilitokea kweli.

Mleta mada

Nianze na la pili kwa sababu ni fupi. Kurukshetra ipo, katika jimbo la Haryana, na Hastinapur ipo, kaskazini-mashariki mwa Delhi. Mwanaakiolojia B. B. Lal alichimba Hastinapur kati ya 1950 na 1952 na kupata mabaki ya makazi ya kale pamoja na vyombo vya udongo vya kijivu vilivyochorwa. Makazi hayo hayathibitishi vita vya siku 18 wala majeshi 18, 11 upande mmoja na 7 upande wa pili. Utenzi wenyewe unajiita itihasa, maana yake hivyo ndivyo ilivyokuwa, na wanaousikiliza wanaupokea hivyo. Kwangu swali la uchimbaji haliongezi wala halipunguzi uzito wa kisa.

Gita ni jambo kubwa zaidi. Ina sura 18 na beti 700, na iko ndani ya kitabu cha sita, dakika ambayo majeshi yamekwisha kupangwa. Arjuna, mmoja wa Pandava watano, anamwomba Krishna, mwendesha gari lake, amsimamishe katikati ya majeshi mawili, na anapoangalia anaona babu, walimu, wajomba na ndugu. Mdomo unamkauka, upinde unamponyoka mkononi, anaketi ndani ya gari na kusema hatapigana. Krishna anamfundisha kutenda wajibu bila kushikamana na matunda yake. Mafundisho hayo yamewalea mamilioni ya watu, na sitaki kuyapunguza.

Lakini angalia jinsi yalivyosomwa. Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru wa India, akiwa amefungwa na Waingereza katika gereza la Mandalay huko Burma, aliandika maelezo yake marefu ya Gita, yaliyochapishwa mwaka 1915, akiyasoma kuwa ni mwito wa kutenda na kutokimbia mapambano ya dunia. Gandhi, ambaye aliifahamu Gita kwa mara ya kwanza akiwa mwanafunzi London kupitia tafsiri ya Kiingereza, aliusoma uwanja wa Kurukshetra kuwa ni moyo wa binadamu na vita kuwa ni vya ndani, akaijengea juu yake siasa ya kutotumia nguvu. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka lililoitwa la wasioguswa na akaja kuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandaa katiba ya India, aliisoma Gita kuwa ni utetezi wa kifalsafa wa mfumo wa matabaka. Hawa watatu waliishi nchi moja na kwa sehemu kubwa wakati mmoja, na kila mmoja alikuwa msomaji makini. Kama Gita ingekuwa imefunga mjadala, wasingetofautiana kiasi hicho.

Hata ndani ya utenzi haikuufunga. Baada ya Krishna kumaliza, vita vinapiganwa, na Pandava wanashinda kwa njia ambazo utenzi haufichi hata moja. Drona, mwalimu wao, alishindikana akiwa na silaha mkononi, kwa hiyo wakamuua tembo aliyeitwa Ashvatthama, jina la mwana wa Drona, kisha Yudhishthira akaombwa athibitishe kifo hicho. Alisema Ashvatthama amekufa, na neno tembo akalitamka kwa sauti ya chini. Mtunzi anatuambia kwamba mpaka siku ile gari la Yudhishthira lilikuwa likienda vidole vinne juu ya ardhi kwa sababu ya ukweli wake, na alipotamka maneno yale magurudumu yakagusa chini. Drona akaweka silaha, akakatwa kichwa. Ninaposoma sehemu hiyo huwa nasimama kidogo kwenye yale magurudumu, kwa sababu mtunzi hakuhitaji kuongeza neno la kulaumu.

Na yule Karna aliyeamuru Draupadi avuliwe nguo, ndiye huyohuyo ambaye mama wa Pandava alimzaa kabla ya ndoa na kumtupa mtoni, akalelewa na mwendesha magari, akadharauliwa maisha yake yote kwa sababu ya malezi hayo. Aliuawa na Arjuna, mdogo wake ambaye hakujua kwamba wao ni ndugu, gurudumu la gari lake likiwa limekwama matopeni. Alipoomba muda wa kulikwamua kwa mujibu wa kanuni za vita, Krishna alimuuliza kanuni zilikuwa wapi siku Draupadi alipoburutwa ukumbini. Mnaona jinsi swali linavyorudi. Linamfuata hadi uwanjani.

Mchangiaji wa nne

Naomba kuchangia kidogo kutokana na niliyoyaona. Nilikulia Tanga, jirani na duka la mzee mmoja wa Kigujarati ambaye sote watoto tulimwita Kaka, kwa sababu wapwa zake walimwita hivyo. Nilikuwa mtu mzima nilipojifunza kwamba kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo. Alikuwa na Gita ndogo kwenye droo ya fedha, imefungwa kwa kitambaa chekundu. Siku moja nilimuuliza kama anayo Mahabharata nzima, akanijibu kwamba kitabu hicho hakiwekwi nyumbani chote, kwa sababu huleta ugomvi wa ndugu. Sikumwelewa wakati ule. Je, imani hiyo ni ya kwake tu?

Mleta mada

Si ya kwake tu, ndugu yangu. Imani hiyo ipo katika familia nyingi za Kihindu, hasa kaskazini mwa India, na ninakushukuru kwa kuileta hapa. Ramayana husomwa nyumbani kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ndani yake ndugu wanagombania nani ampishe mwenzake kwenye kiti cha ufalme. Mahabharata ni ya ndugu waliokataa kupishana. Wengine wanaisoma kwa sehemu, na wengi zaidi wanaisikia kwa msimuliaji, nje ya nyumba, mahali ambapo ugomvi ukizuka utakuwa wa kijiji kizima.

Na huko kwa wasimuliaji ndiko ulikodumu. Ubeti wa kawaida wa Mahabharata, unaoitwa shloka, una vipande vinne, na kila kipande kina silabi nane. Aliyezoea tendi za Lamu na Pate ataitambua hesabu hiyo mara moja: vipande vinne, mizani nane kila kipande. Sidai kwamba upande mmoja ulijifunza kwa mwingine, kwa kuwa shloka haina vina na inategemea mpangilio wa silabi ndefu na fupi, jambo ambalo utenzi wetu haulijui. Ila nadhani kipimo hicho kinalingana na pumzi ya mtu anayesimulia kisa kirefu kwa ghani, na ndiyo maana masikio yetu yana haki ya kuuita huu utenzi.

Katika jimbo la Chhattisgarh kuna sanaa iitwayo Pandavani, ambamo msimuliaji mmoja anaigiza wahusika wote akiwa na tambura, ala ya nyuzi, mkononi. Zamani wanawake walioifanya waliketi, na kusimama kulikuwa kwa wanaume. Teejan Bai, mwanamke wa jamii ya pembezoni, aliamua kusimama, na tambura yake ikawa rungu la Bhima, mara upinde wa Arjuna, mara mkono wa Dushasana unaong'olewa. Mwaka 2019 taifa lilimpa Padma Vibhushan, nishani ya pili kwa ukubwa kwa raia. Kisa anachojulikana nacho zaidi ni kile cha kuuawa kwa Dushasana, yaani malipo ya ule ukumbi. Kusini, katika Tamil Nadu, Draupadi anaabudiwa kama mungu wa kike, vijiji vinakesha siku kadhaa vikitazama kisa chake kikiigizwa, na waumini wanakanyaga makaa ya moto kwa jina lake. Mwanamke aliyenyimwa jibu na wazee wa Hastinapur amejengewa mahekalu.

Ulivuka bahari pia. Mwishoni mwa karne ya 10 sehemu zake zilifasiriwa kwa Kijava cha kale, na mpaka leo wapiga vivuli wa Java, ambako wengi ni Waislamu, wanawachezesha Arjuna na Bhima usiku kucha nyuma ya shuka. Huko India kwenyewe, katika miaka ya 1580, mfalme Akbar aliamuru ufasiriwe kwa Kiajemi, akiwakalisha pamoja wasomi wa Kihindu na wa Kiislamu.

Mchangiaji wa pili

Nimeelewa kuhusu ile kauli ya kipofu, na ninaiondoa lawama yangu kwa Draupadi. Nabaki na jambo moja. Mwishowe alitokaje ukumbini? Na je, kuna yeyote aliyewahi kumjibu?

Mleta mada

Alitoka bila jibu. Mbweha alilia karibu na moto wa ibada, punda wakaitikia, na yule mfalme kipofu, ambaye muda wote alikuwa akiuliza tu kwa furaha kama mwanawe ameshinda, akaingiwa na hofu. Akamwambia Draupadi achague zawadi. Draupadi aliomba Yudhishthira awe huru, ili mwanawe asije akaitwa mtoto wa mtumwa. Mfalme akampa zawadi ya pili, akaomba wale ndugu wanne pamoja na silaha zao. Akapewa ya tatu, akaikataa, akisema kwamba tamaa huiua dharma na kwamba waume zake wakiwa huru watajitafutia wenyewe yaliyobaki. Karna, aliyemtukana muda mfupi kabla, alikiri kwamba hajasikia mwanamke aliyefanya jambo kama hilo, kwamba Pandava walikuwa wakizama na yeye amekuwa mashua yao. Basi waliokolewa kwa zawadi ya mtu mwenye hofu. Hukumu haikutolewa. Na kwa kuwa haikutolewa, Yudhishthira aliitwa kucheza tena, akashindwa tena, wakaenda msituni miaka 12 na mwaka wa 13 wakajificha.

Huko msituni Draupadi alimkabili mumewe. Alimwambia kwamba amemwona akiishika dharma kuliko uhai wake, na bado dharma haikumlinda, na kwamba Mungu huwachezesha viumbe kama mtu achezeshavyo vinyago vya mbao. Yudhishthira alimjibu kwamba yeye hafanyi wema kwa kutazamia faida, kwa sababu mwenye kuifanyia dharma biashara ni mnyonge kuliko wote. Ni jibu zuri sana, na alimjibu swali jingine.

Kuhusu kujibiwa, lipo simulizi la mdomo, lisilo la matini ya Pune, ambalo husimuliwa sana vijijini. Baada ya vita, Bhishma amelala juu ya kitanda cha mishale, akisubiri siku aliyoichagua kufa, na Yudhishthira na nduguze wameketi kumzunguka wakimsikiliza akifundisha wajibu wa mfalme na haki za wanyonge. Mafundisho hayo katika utenzi ni marefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Wasimuliaji wanasema kwamba katikati ya mafundisho Draupadi alicheka. Pandava waliona aibu, wakataka kumnyamazisha, lakini Bhishma akawazuia na kumtaka aseme. Draupadi akamuuliza babu elimu yote hiyo ilikuwa wapi siku ile ukumbini. Bhishma akamwambia kwamba wakati ule alikuwa akila chakula cha Duryodhana, na chakula kile kilikuwa kimeingia katika damu yake. Sasa mishale ya Arjuna imeitoa damu yote, na ndiyo kwanza anaweza kusema.